Si Ugonjwa wa Hospitali

Jumatatu, 2 Machi

Vidonge vya asubuhi, vinne. Uji nusu kikombe. Miguu imevimba hadi magotini. Nikibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Kadzo amenipima presha, akaandika, akarudi jikoni bila kuniambia namba. Nilikuwa tabibu wa zahanati kwa miaka thelathini na mmoja. Leo sistahili kuambiwa presha yangu mwenyewe.

Niandike hili kabla mkono haujakataa. Nimeficha daftari. Ni daftari la shule, jalada la kijani, alilokuwa nalo marehemu mke wangu Sidi kila alipokwenda kutibiwa. Limo ndani ya sanduku langu la bati, chini ya magazeti niliyotandika. Limo humo tangu mwaka aliokatwa mguu. Binti yetu Kadzo, ninayeishi kwake, hajui kwamba lipo. Moyo wangu umechoka na daktari ameshasema lake. Sanduku litafunguliwa siku si nyingi, na si mimi nitakayelifungua.

Joto. Umeme umekatika, feni imesimama. Basi kwa leo.

Jumanne, 3 Machi

Kadzo ameamka na kipandauso. Nilijua kabla hajasema. Alifunga pazia la jikoni, akazima redio. Mamake alikuwa hivyo hivyo: upande wa kushoto wa kichwa, jicho linatiririka, harufu ya kitunguu inamtapisha. Amemeza kidonge chake cha ergotamini akalala na kitambaa kibichi usoni hadi saa saba.

Vidonge hivyo huvinunua mjini, duka moja karibu na stendi. Hawaulizi kitu. Unataja jina, unapewa. Na hapa mtaani, hatua mia kutoka langoni petu, kuna duka la dawa la Mapenzi, binti aliyesomea kazi hiyo na anaijua. Mapenzi hakuuzii hata dawa ya mafua mpaka umwambie umemeza nini tangu jana. Ndivyo inavyotakiwa. Lakini Kadzo hapiti hata upande ule wa barabara. Mapenzi ni mjukuu wa Hawe Jumwa, yaani Bibi Jumwa, jirani yetu wa zamani kule Magarini, ambaye watu walisema ndiye aliyemloga Sidi mguu. Kadzo alilelewa kwa habari hiyo. Alinyonyeshwa nayo.

Nimeshinda na hasira na sijui ni ya nini. Hapana. Najua.

Alhamisi, 5 Machi

Kikohozi cha Kadzo kimeshuka kifuani. Jana alikwenda kliniki mjini akarudi na dawa. Nimeomba kuiona. Akainyanyua kwa mbali, kama mtu anayemwonyesha mtoto peremende. Nikavaa miwani, nikasoma. Erithromaisini. Mara nne kwa siku, siku saba. Wamempa hiyo kwa sababu penisilini humtoa vipele, kama mamake.

Nikamuuliza kama aliwaambia anameza ergotamini. Hakuwaambia. Hawakuuliza. Ana madaftari mawili ya hospitali, moja la kichwa na jingine la magonjwa mengine, na alibeba hilo la pili. Huo ndio mtindo wa watu wetu. Kila kliniki na daftari lake. Mgonjwa anaogopa kumwonyesha daktari huyu mwandiko wa yule, asije akafokewa. Na mimi ni miongoni mwa waliowafundisha. Nilikuwa nikiona mwandiko wa mganga wa zahanati nyingine nasema, "Kanunue daftari jipya, mama, mimi siandiki juu ya uchafu wa mtu." Watu walicheka. Nilijiona fundi.

Nimemwambia Kadzo dawa hizo mbili hazikai pamoja. Amenijibu, "Baba, hii ni ya kifua tu." Mumewe Charo, anayefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi na yuko likizo wiki hii, akamalizia: "Mzee, au hii nayo ina rangi mbaya?"

Wakacheka wote wawili. Nieleze kwa nini. Mwezi jana kidonge changu cha kukojoa kilikuja cheupe badala ya cha manjano. Nikasema nimepewa dawa si yangu. Nikatema siku tatu, nikajaa maji, nikakimbizwa hospitali. Ilikuwa dawa ile ile, kiwanda tu tofauti. Tangu hapo neno langu juu ya dawa ni mzaha wa nyumba hii.

Safari hii niko sahihi, na sina pa kulipeleka.

Ijumaa, 6 Machi

Nimejaribu tena. Kwa utulivu. Ergotamini hutuliza kichwa kwa kubana mishipa ya damu. Ini ndilo linaloivunja na kuiondoa. Erithromaisini hulishika ini mkono. Basi ergotamini haitoki. Inajaa. Inaendelea kubana, na inabana mbali na kichwa: vidoleni, nyayoni. Hata kama mtu hakuzidisha hata kidonge kimoja.

Kadzo akaniwekea kiganja kwenye paji la uso kuona kama nina homa.

Nikaandika kwenye karatasi. Ergotamini isikutane na erithromaisini wala klarithromaisini. Isikutane na dawa za kumeza za fangasi. Isikutane na baadhi ya dawa za ukimwi, na anayezitumia aseme bila haya, aibu haijawahi kuokoa mguu. Hata maji ya balungi, aache. Zile dawa mpya za kipandauso, triptani, zisimezwe siku moja na ergotamini. Ipite siku nzima kati yake. Na mwenye kumeza dawa za huzuni amuulize anayejua kabla ya triptani. Mwenye pumu aseme kabla ya kupewa propranololi ya kuzuia kichwa. Niliandika kwa saa nzima.

Jioni nimeikuta karatasi yangu jikoni. Amelifunikia bakuli la sukari.

Jumamosi, 7 Machi

Kipandauso tena. Amemeza ergotamini mbili. Erithromaisini leo ni siku ya tatu.

Nimepiga kelele. Sikuwa na pumzi ya kelele, ikatoka kama kikohozi cha mbuzi. Kadzo akalia kwa ajili ya kichwa, si kwa ajili yangu. Charo akasimama mlangoni. "Mzee, mwache apumzike. Wewe ndiye unayemzidishia." Mkwe wangu ni mtu mwema. Nilitamani kumpiga kwa mkongojo.

Walipolala mchana nikafungua sanduku. Nikatoa magazeti. Nikalishika daftari. Nikalirudisha.

Sababu niiandike. Nikimwonyesha, ataamini kwamba mamake alipewa dawa mbili hizi. Atauona mwandiko wangu. Na swali la pili litakuwa Hawe Jumwa.

Ilikuwa hivi. Sidi alikuwa na kipandauso; ergotamini nilimpa mimi. Akapata kichomi, erithromaisini nilimpa mimi. Hakuwa na madaftari mawili. Alikuwa na moja, na mwandiko ulikuwa mmoja. Siku ya tatu alikwenda kwa Hawe Jumwa kuazima chungio la unga. Siku ya nne mguu wa kulia ukawa baridi. Siku ya sita vidole vikawa vyeusi. Wakamkata chini ya goti. Kijiji kikasema amekanyaga kitu mlangoni kwa yule bibi. Alikuwa na mvi, macho mekundu ya moshi, na mdomo usiomwogopa mtu. Ikatosha. Kikaitishwa kikao. Baada ya kikao nyumba yake ikachomwa moto. Alitoka na mkono mmoja umeungua, akakimbilia kwa bintiye Ngomeni. Akafia huko. Akazikwa huko, mbali na makaburi ya kwao.

Sidi aliishi miaka tisa zaidi akitembea kwa magongo. Alikufa akimlaani Jumwa. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani, nimemshika mkono.

Jumapili, 8 Machi

Kadzo ametoka kanisani amevaa soksi. Soksi, Malindi, mwezi wa Machi. Hata padri alimtania.

Anasema miguu ina baridi na inamwasha kama imelaliwa. Mashavu ya miguu yalimuuma njiani akasimama mara mbili. Nikamwambia anyooshe mguu niushike. Akaurudisha nyuma. Baba hamshiki binti yake mguu.

Alisinzia kitini. Nikainama, jambo lililonigharimu, nikavuta soksi ya kulia. Baridi kama samaki aliyetoka kwenye barafu. Ukucha umebadilika rangi. Nikatafuta mpigo juu ya unyayo, pale unapopatikana. Sikupata. Lakini vidole vyangu vyenyewe vimekufa ganzi tangu mwaka juzi. Sijui kama mpigo haupo au mimi ndiye sipo. Nimekaa na mguu wa binti yangu mapajani na sijui.

Akaamka. Hakukasirika. Akasema kwa sauti ndogo, "Baba, Ijumaa walichimba barabara, nikapita mbele ya duka la yule. Alinisalimia. Nikaitika."

Nikamwambia ni dawa. Akasema, "Mama naye ulimwambia ni nini?"

Nikamvalisha soksi yake.

Charo ameshapiga simu. Kesho asubuhi wanampeleka kwa mganga wa kienyeji, bara. Wanasema wakitoka huko ndipo wapitie hospitali, kama itahitajika. Ergotamini nyingine iko mkobani, "ya njiani". Nimewasikia wakipanga saa ya kuondoka huku nimekaa papo hapo, kama kiti.

Jumatatu, 9 Machi

Niandike kwa mpango, maana leo yamekuwa mengi.

Waliniacha wakidhani nimelala. Walikuwa wakimngoja mwenye gari. Nikatoka kwa mlango wa nyuma na mkongojo. Hatua mia. Nilizihesabu nikafika arubaini, nikapoteza, nikaanza upya. Nilikaa mara mbili: kwenye ndoo ya mwenye mahamri, kisha chini. Yule mwenye mahamri akanipa maji akauliza, "Babu, umetoroka?" Nikasema ndiyo.

Mapenzi alikuwa anafungua milango ya bati ya duka lake. Akanikimbilia. "Shikamoo babu. Nani amekuachia?" Marahaba sikuwa na pumzi nayo. Nikasema maneno mawili tu: ergotamini, erithromaisini. Uso wake ukabadilika hapo hapo. Sikuhitaji kueleza. Mungu wangu, ni raha iliyoje kusikilizwa. Akauliza nani. Nikasema Kadzo. Akasita. Nilimwona akisita, na haki yake. Kisha akafunga duka.

Kadzo alipomwona anaingia uani akapiga ukelele. "Asinishike! Charo, asinishike!" Mapenzi akasimama mbali, mikono wazi. Akasema, "Dada, sikushiki. Angalia mwenyewe. Bonyeza ukucha, uachie. Damu inarudi?" Kadzo hakutaka. Charo ndiye aliyebonyeza. Ukucha ukabaki mweupe. Akabonyeza wake akalinganisha. Wake ukarudi mwekundu.

Hata hivyo Kadzo akasema twende kwa mganga. Kwamba ndivyo ilivyoanza kwa mamake, na hospitali haikufaa kitu.

Nikaingia ndani. Nikarudi na daftari la kijani. Nikalifungua mapajani mwake mahali penyewe. Nikamwonyesha kwa ukucha wangu. Hapa, ergotamini. Hapa, siku mbili baadaye, erithromaisini. Huu mwandiko ni wa nani? Akautazama muda mrefu. Kila Krismasi alikuwa akiuona kwenye kadi. Akasema, "Ni wako."

Nikasema mamako hakulogwa. Nilimpa mimi.

Nilisikia mafuta ya mahamri barabarani.

Mwenye gari akapiga honi. Charo akambeba Kadzo kama mtoto. "Hospitali," akamwambia dereva. Mapenzi akapanda mbele na madaftari yote mawili ya Kadzo, vile vidonge, na lile la kijani. Hakuniangalia.

Nimebaki na jirani. Miguu yangu imepasuka ngozi kwa ile safari, inavuja maji. Si kitu.

Jumanne, 10 Machi

Hakuna habari hadi saa nane. Simu ndogo mkononi tangu alfajiri. Nimebonyeza vibaya nikampigia mtu wa gesi.

Saa nane Charo. Wamezikata dawa zote mbili. Wamemtundikia dripu, na dawa ya kufungua mishipa. Daktari alimwambia wangepoteza siku moja zaidi, wangekuwa na mazungumzo mengine, ya kukata. Mguu wa kushoto umepata joto. Wa kulia bado.

Nimekunywa uji wote.

Alhamisi, 12 Machi

Mguu wa kulia: mpigo umepatikana. Nesi aliusikia kwa mashine, kisha kwa kidole. Nimelia, na jirani akadhani kuna msiba, akaanza kuita watu.

Jumamosi, 14 Machi

Kadzo amerudi. Anatembea. Kidole kidogo cha mguu wa kulia kina ganzi na huenda kikabaki hivyo. Amepewa dawa nyingine ya kichwa, na ana daftari moja. Jipya. Ukurasa wa kwanza Mapenzi amemwandikia kwa herufi kubwa kila anachomeza na kile asichotakiwa kukutanisha.

Hasemi nami. Ameniletea chakula, amebadilisha shuka, ameosha vidonda vyangu vya miguu kwa mikono isiyo na haraka wala upole. Nilistahili kofi. Hili ni gumu zaidi.

Amenipima presha. Mlangoni akageuka. "Mia na kumi kwa sabini." Akatoka.

Jumatano, 18 Machi

Kadzo ameuliza. Alikuwa anachambua mchicha, hakuinua uso. "Ulijua lini?"

Nikasema baadaye. Miaka mingi baadaye, katika kusoma. Nikaongeza kwamba wakati ule dawa hizo zilikuwa hazijulikani vizuri vijijini, jambo ambalo ni kweli, na ndiyo maana nimelitumia.

Akaitikia kwa kichwa polepole. Akasema basi ilikuwa bahati mbaya. Akasema hata mimi niliumia. Akainuka akanipa ndizi.

Nimekula ndizi ile na nimeichukia. Nimekaribia kufa, nimetoboa jipu mbele ya watu, na bado nimeacha usaha wa ndani kabisa. Ni mtu wa namna gani huyu? Binti yangu karibu apoteze mguu kwa sababu hakutaka kununua dawa kwa mjukuu wa mchawi. Huyo mchawi nilimtengeneza mimi. Si kwa dawa. Dawa ilikuwa kosa la kazi, na kosa la kazi mtu hulitubu akalala.

Mchana Mapenzi amekuja kurudisha daftari la kijani. Kadzo amemkaribisha. Amemwekea kiti, amemtilia chai. Ni mara ya kwanza damu ile kunywa chai kwetu tangu kabla Kadzo hajazaliwa. Wakaongea juu ya bei ya nyanya.

Kisha Mapenzi akanigeukia na daftari. Ana jicho la kazi yake. "Babu, hapa mwishoni pana ukurasa umechanwa."

Nikasema limezeeka.

Akasema, "Limechanwa kwa rula."

Alimaliza chai yake akaaga.

Ijumaa, 20 Machi

Pumzi fupi. Nimelala nimekaa, mito mitatu. Daktari amekuja nyumbani, amezungumza na Kadzo barazani kwa sauti ile tunayotumia. Niliitumia mimi kwa wengi.

Nimemwomba Kadzo amwite Mapenzi Jumapili. Ameuliza kuna nini. Nimesema nina dawa ya kumrudishia.

Jumapili, 22 Machi

Mvua ndogo asubuhi, ya kwanza. Vumbi limelala. Vidonge vitano sasa. Kadzo amevitaja kimoja kimoja kabla ya kunipa, jina na kazi yake, kama nilivyopenda kufanyiwa.

Mapenzi amekuja baada ya kanisa. Nimemwambia Kadzo naye akae. Nikatoa ule ukurasa. Ulikuwa ndani ya kasha la miwani, chini ya kitambaa. Kila siku nilitoa miwani juu yake.

Nimempa Mapenzi. Umeandikwa kwa Kiingereza na daktari wa hospitali kubwa, aliyemkata Sidi mguu. Akausoma kwa sauti, akimfasiria Kadzo. Kwamba mguu umekufa kwa sababu ya dawa mbili zilizotolewa pamoja. Kwamba zisitolewe tena. Kwamba zahanati iliyozitoa ijulishwe. Juu kuna tarehe, siku ya Jumanne.

Kikao cha Magarini kilikuwa Ijumaa yake. Kadzo alikuwa hajazaliwa bado, lakini siku hiyo anaijua. Kila mtu wa kwetu anaijua, maana moto ulikuwa jioni yake.

Kadzo alihesabu kwa vidole. Nilimwona. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa.

Mapenzi aliukunja ukurasa, akaurudisha katika mikunjo yake ile ile. Akaniuliza kama anaweza kwenda nao. Mama yake yuko hai, yuko Ngomeni, anajua kusoma. Nikasema ndiyo. Hakusema amenisamehe. Sikuomba. Akainuka, akatazama saa ya ukutani, akasema, "Babu, cha saa nane usikimeze tumbo tupu." Kadzo akamsindikiza hadi langoni, kisha nikawaona wakivuka barabara pamoja, Kadzo akichechemea kidogo.

Sasa niko peke yangu na mvua imeanza tena. Niandike nilichowaambia, kwa maneno yale yale, ili asije mtu akasema niliropoka kwa ugonjwa.

Wazee walinisimamisha mbele ya watu wote, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma. Hawe Jumwa alikuwa amekaa chini, mbele yangu, ananitazama, maana mara mbili nilikuwa nimemtibu macho na aliniamini. Mkubwa wao akaniuliza, "Daktari, tuambie wewe. Huu ni ugonjwa wa hospitali, au si wa hospitali?"

Ukurasa ule ulikuwa katika mfuko wa shati langu.

Nikasema: "Huu si ugonjwa wa hospitali."